Nafika kazini nimelowa, mume anataka pikipiki iuzwe

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Kivule na nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja Posta. Mwaka jana tulipovunja kikoba nilinunua pikipiki ya cc 125. Sababu ilikuwa usafiri. Kutoka nyumbani hadi Banana ni daladala moja, kutoka Banana hadi mjini ni nyingine, na asubuhi zote zinakuja zimeshajaa. Kwa pikipiki naondoka saa 12:30 na saa 1:30 nimeshaweka mkoba mezani. Kiangazi sina tatizo lolote. Hata mawifi zangu, ambao mwanzoni walikuwa wananing'ong'a, wameshazoea.

Shida ni mvua. Nimeshanunua koti mara mbili. La kwanza lilikuwa la plastiki, lile refu la kuvaa juu ya nguo, likachanika. La pili ni seti ya nailoni, koti na suruali yake. Zote zinanilowesha. Mapajani na sehemu ya kukalia ndiko kubaya zaidi: nikikaa ofisini nikasimama, kiti kinabaki na alama, na mimi nakaa na wanaume watupu. Kifuani nalowa mpaka kwenye nguo ya ndani. Mikono ya shati inalowa hadi karibu na viwiko. Mgongoni na kwapani napo maji, ingawa nimelikagua koti mbele ya taa na sijaona tundu hata moja.

Nikueleze ninavyovaa, labda nakosea. Suruali ya mvua naichomeka ndani ya gambuti isichafuke na tope la huku kwetu, lakini gambuti zenyewe nikifika nazimimina maji. Mtandio naufunga ndani ya helmeti, ncha zake naziingiza ndani ya kola ya koti zisipeperuke. Glovu sina. Siti ya pikipiki imepasuka kidogo ubavuni, nimeibandika selotepu. Simu nilikuwa naiweka mfuko wa kifuani wa koti, wenye zipu kabisa, ikaingia maji na haikuwaka tena. Kioo cha helmeti kinapata ukungu hadi sioni, nikikifungua matone yananichoma macho.

Mwezi uliopita nilibeba vocha za malipo nikazimalizie nyumbani. Zililowa kwenye begi, wino wa saini ukasambaa. Bosi akanisema mbele ya wenzangu: "Wewe ni mhasibu au bodaboda?" Nililia chooni.

Mume wangu sasa anataka tuuze. Anasema hela itamalizia madirisha ya nyumba tuliyoanza kujenga, na mimi nirudi kwenye daladala. Si mtu wa kelele. Siku moja mvua ilinikamata, nikafika nyumbani usiku, nikamkuta kasimama barazani na tochi mkononi. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na mnunuzi.

Mwenzangu kazini ananiambia ipo seti ya mvua ya Sh180,000 "inayopumua" na kwamba hiyo ndiyo dawa. Dada, nikubali iuzwe? Ninunue hiyo seti? Au mimi ni king'ang'anizi tu?

Niliyelowa, Kivule

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa simu, kwa vocha na kwa hilo neno la bosi.

Umeniletea mambo matatu kwenye bahasha moja. Unalowa. Heshima yako kazini imeguswa. Na nyumbani kuna mtu anayetaka pikipiki iondoke. Yote umeyabebesha pikipiki, kana kwamba ukijua la kufanya nayo, yote matatu yatakwisha kwa pamoja. Sina hakika. Ukiiuza, bosi wako atabaki yuleyule, na foleni ya Banana wakati wa masika si mahali pakavu. Ukiibakiza na kununua seti ya Sh180,000, mumeo anaweza kuendelea kusimama barazani vilevile. Basi tuyatenganishe, tuanze na maji, maana hapo barua yako imejaa majibu kuliko unavyodhani.

Unasema makoti yote mawili yanavuja. Naomba tusilikubali hilo haraka. Umenitajia sehemu tano unazolowa, na kila sehemu ina njia yake. Nionavyo mimi, sehemu moja tu kati ya hizo tano ndiyo inayoelekea kuwa kosa la nailoni.

Kwanza uelewe mvua inakufikia vipi. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, yaani kama kilomita 32 kwa saa. Wewe ukiwa barabara ya Nyerere kwenye kilomita 50, unaliendea tone kwa kasi kuliko linavyoshuka. Kwako mvua haitoki juu. Inatoka mbele, na inasukumwa na upepo ndani ya kila upenyo: zipu, kola, mikono, kifungo kilichoachwa wazi. Koti la kutembelea kwa miguu limeshonwa kwa mvua ya kutoka juu. Ndiyo maana lile refu la plastiki halikukufaa, na afadhali lilichanika mapema, kwa sababu koti refu linalopepea likinaswa na cheni au tairi la nyuma linakuangusha.

Sasa mapajani na sehemu ya kukalia. Hapa ndipo seti yako inapostahili kulaumiwa. Ukikaa kwenye pikipiki, suruali inafanya kibonde kati ya mapaja na tangi. Maji yote yanayotiririka kifuani yanatuama pale, na uzito wako unayasukuma kwenye mshono wa katikati, mahali vipande vinne vya kitambaa vinapokutana na sindano imetoboa kuliko kwingine kote. Suruali inaweza kuwa nzima kila mahali na bado ikakulowesha hapo.

Ijaribu nyumbani. Tandaza sehemu ya katikati juu ya ndoo tupu, upande wa nje ukiwa juu, ibonyeze ifanye kibonde, mimina maji lita moja na usubiri dakika 10. Ukiona matone yanadondoka ndani ya ndoo, umempata mhusika. Ikaushe, igeuze ndani nje, uangalie mshono: seti nzuri huwa na utepe mwembamba uliobandikwa juu ya mshono wote kwa ndani. Zako huenda hazina, au umebanduka.

Kutengeneza kunawezekana. Futa mshono kwa spiriti, uache ukauke. Kata kipande cha nailoni nyepesi, hata ya mwavuli uliokufa, chenye upana wa sentimita 5 na urefu wa kufunika mshono kuanzia chini ya zipu hadi nyuma ya makalio. Kona zake zikate za mviringo, kwa sababu kona kali ndizo zinazoanza kubanduka. Paka gundi ya fundi viatu, nyembamba, kwenye kipande na kwenye suruali. Subiri kama dakika 10 hadi ukigusa haigandi kidoleni, ndipo ubandike, upitishe chupa juu yake kwa kukandamiza, na ulaze kitu kizito juu usiku kucha. Jaribu gundi kwanza kwenye kona isiyoonekana, maana zipo zinazokula utando wa nailoni. Na tafadhali usimpelekee fundi cherehani aongeze mshono. Kila tundu la sindano ni njia nyingine ya maji.

Ila kuna jambo umelitaja kama la pembeni: siti iliyopasuka. Sponji ya siti hunywa maji usiku kucha ikiwa pikipiki inalala nje, na selotepu haiwezi kuyazuia. Asubuhi unaikalia, uzito wako unayakamua, yanapanda moja kwa moja kwenye ule mshono dhaifu. Yaani unaweza kulowa makalio hata mvua ikiwa imeshakatika. Mafundi wa siti wanabadilisha ngozi kwa muda mfupi. Mpaka ufike kwao, ifunike siti kwa nailoni nzito na uifunge kwa mpira kila unapoegesha, nyumbani na kazini.

Gambuti ni rahisi zaidi. Suruali ikiwa ndani ya gambuti, maji yote ya mguuni yanamiminikia ndani ya kiatu na hayana pa kutokea. Suruali iwe nje. Tope litaichafua, ndiyo, lakini nailoni inafutwa kwa kitambaa. Kata mkanda wa sentimita 2 kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, uuvalishe juu ya suruali kwenye shingo ya gambuti ili upepo usiipandishe. Angalia pia urefu ukiwa umekaa: magoti yakikunjwa, suruali inapanda sentimita 10 au zaidi, kwa hiyo inayokutosha ukiwa umesimama ni fupi ukiwa barabarani. Halafu angalia madigadi wa mbele. Pikipiki nyingi zinakuja na madigadi mfupi, na maji mengi ya miguuni ni yale yanayorushwa na tairi lako mwenyewe. Kipande cha mpira kilichofungwa kwa skrubu mbili, kikishuka hadi kama sentimita 15 kutoka chini, kinapunguza sana.

Kifuani nadhani mkosaji ni mtandio. Umenieleza ncha zake unaziingiza ndani ya kola. Mtandio wa pamba ukilowa usoni na shingoni unafanya kazi ya utambi wa taa: unavuta maji kutoka nje na kuyashusha ndani, taratibu, safari nzima. Koti halina hatia hapo. Chochote kinachoonekana nje ya koti kisiendelee ndani ya koti. Huo ndio utaratibu wa kila kitambaa, iwe skafu, kola ya shati au taulo ambalo wengine hujifunga shingoni wakidhani linasaidia. Unaweza kuvaa kofia ya ndani inayobana, ya kitambaa kisichonywa maji sana, ikaishia shingoni na kola ya koti ikafungwa juu yake hadi kidevuni. Mtandio wako uwe mkavu kwenye begi, uujifunge ukifika.

Mikononi, maji yanaingia kwenye kifundo cha mkono kwa sababu mkono wa koti umeuelekezea upepo. Glovu ziingie ndani ya mkono wa koti, si juu yake, kwa vile mabega yako juu kuliko viganja na maji yanashuka kuelekea vidoleni. Bana kwa velkro au kwa mkanda uleule wa tyubu, usibane hadi vidole vife ganzi. Glovu za mpira za kuoshea vyombo huzuia maji vizuri, lakini ukianguka hazikulindi chochote, na zikiingia maji kiganja kinateleza ndani yake unapokamata klachi. Kama utazitumia, tumia kwa kujua hivyo.

Mgongoni na kwapani, ambako hukuona tundu, kuna uwezekano mkubwa kwamba unalowa kwa jasho. Fanya jaribio moja: siku isiyo na mvua, vaa seti nzima kama kawaida, nenda nayo hadi Banana. Ukivua ukakuta mgongo umelowa, hakuna koti la kulilaumu. Nailoni yenye utando haitoi hewa, na Dar wakati wa masika hewa yenyewe imeshashiba unyevu.

Hili linatupeleka kwenye ile seti ya Sh180,000 "inayopumua". Kitambaa hicho kipo kweli na kinafanya kazi: kinapitisha mvuke wa jasho kwenda nje huku kikizuia matone. Lakini mvuke unatoka pale tu ambapo ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Kwa mpanda pikipiki wa Ulaya kwenye nyuzi 10, tofauti hiyo ni kubwa. Kwako, nje kuna nyuzi 26 na mvua, tofauti ni ndogo, na koti la bei hiyo litapumua kidogo sana. Sikukatazi kulinunua. Nasema tu, kama unalinunua kwa ajili ya kupumua, huenda ukavunjika moyo. Kama unalinunua kwa ajili ya mishono yenye utepe, zipu iliyofunikwa na mikunjo miwili, koti linaloshuka sentimita 20 chini ya kiuno, na mistari inayong'aa ikimulikwa na taa za magari, hayo yana faida, ila wakati mwingine yanapatikana kwa chini ya bei hiyo. Ukiwa dukani geuza suruali ndani nje kabla hujauliza bei.

Lipo swali jingine ningependa ulifikirie: unataka kufika mkavu, au unataka saa 2 asubuhi uwe umekaa mkavu? Ni vitu viwili tofauti, na cha pili ni rahisi zaidi. Watu wengi wanaosafiri kwa pikipiki kwenye mvua za pwani hawavai nguo za ofisi ndani ya koti la mvua. Wanavaa suruali nyepesi ya mazoezi na fulana ya aina inayokauka upesi, nguo za kazi zinasafiri kwenye begi zikiwa zimeviringishwa badala ya kukunjwa ili zisipate mikunjo, na viatu vya ofisi havitoki ofisini. Ongeza kanga moja: unajifuta, unajisitiri ukibadilisha, na inakauka kabla ya jioni. Gharama yake ni dakika 10 hadi 15 za asubuhi na mahali pa kuanika seti. Hapo pa kuanika pana kazi kidogo. Ukiikunja ikiwa mbichi itaota ukungu, ukiitandaza juani mchana kucha utando utapasuka. Pengine mlinzi anaweza kukuonyesha kona yenye upepo karibu na maegesho. Kama ofisini kwenu hakuna pa kubadilishia kwa staha, basi njia hii inapungua nguvu, na wewe ndiye unayeijua ofisi yenu.

Simu na makaratasi: mfuko wa kifuani ndio unaopigwa na mvua kuliko mifuko yote, na zipu ya kawaida si kizuizi. Simu ikae ndani, chini ya koti, kwenye kifuko cha kufunga kwa kubana. Begi liwe la mdomo wa kuviringisha: toa hewa, viringisha mara tatu kamili, ndipo ufunge kishikizo. Viringisho moja halizuii kitu. Lijaribu kwa kuweka karatasi ya chooni ndani na kulizamisha kwenye ndoo kwa dakika 5.

Kioo cha helmeti, kwa ndani, paka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua kwa kitambaa laini hadi kisionekane, usisuuze. Rudia kila baada ya siku chache. Kiache wazi upana wa kidole ukisimama kwenye taa. Kikiwa kimekwaruzika sana hakuna sabuni itakayosaidia, taa za magari usiku zitatawanyika tu, nunua kipya. Cha rangi nyeusi usikitumie kabisa kwenye mvua.

Nije kwa bosi. Alichosema kilikuwa cha kuumiza, na alikisema mahali pasipostahili. (Na sijui bodaboda walimkosea nini hadi watumike kama tusi.) Lakini ukilivua lile neno ukali, chini yake kuna jambo unaloweza kulitazama bila kujidharau: je, vocha za malipo zinapaswa kutoka ofisini? Hata zingefika kavu, mkaguzi angeweza kuuliza zililala wapi. Labda kazi ni nyingi kuliko saa zako, na hapo mazungumzo na bosi ni ya mgawanyo wa kazi, wala si ya mvua. Labda ulikuwa na ruhusa. Unajua wewe. Ninachokuomba ni usiiuze pikipiki kwa ajili ya sentensi ile peke yake.

Halafu mumeo. Nimeisoma mara kadhaa ile sehemu ya tochi. Wewe unaamini hoja yake ni madirisha na kulowa kwako. Inawezekana. Lakini mtu anayesimama barazani usiku bila kusema kitu, kesho yake akaleta mnunuzi, huenda anaogopa jambo ambalo hajapata namna ya kulitamka. Umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa? Si kwa kumjibu, kwa kumsikiliza. Maana kama anaogopa barabara, koti halitamtuliza, na hofu yake si ya kubeza.

Mvua inapoanza tu, dakika 15 au 20 za mwanzo, vumbi na mafuta yaliyoganda barabarani huinuka na lami inateleza kuliko itakavyoteleza baadaye. Ukiweza, ngoja hizo dakika chini ya paa. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma inateleza muda wote wa mvua. Usikate kona wala kushika breki juu yake. Acha nafasi mara mbili ya kawaida, fuata alama za tairi za gari la mbele, ambako maji yameshasukumwa pembeni. Tairi likiwa kipara, linaelea juu ya maji badala ya kushika lami, na hapo hakuna ustadi wa dereva utakaookoa. Breki za ngoma zikilowa zinachelewa kushika: ukitoka kwenye dimbwi, zikandamize polepole ukiwa unatembea hadi uzisikie zimerudi.

Na mabonde ya huko kwenu. Maji yanayokwenda yakivuka barabara na huoni chini, simama. Usipime kwa kumwangalia aliyepita, yeye huenda amebahatika kulikwepa shimo. Pikipiki ikizimika ndani ya maji usipige stata wala kiki: maji yakiwa yamevutwa hadi kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na ukilazimisha unapinda fimbo ya pistoni. Isukume nje, fundi atoe plagi kwanza. Haya mumeo akiona unayajua na unayafuata, pengine atalala. Pengine bado hatalala. Yote mawili yanaeleweka.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya mbili ulizoniandikia. Kuuza kunakupa madirisha na kumpa mumeo utulivu, lakini kunakurudisha kwenye magari mawili, na pikipiki ikishaondoka hela ya kununua nyingine haiji kirahisi. Kumbuka pia kwamba masika barabara za ndani zikiharibika, daladala nazo hupungua, na unatembea kwenye tope hadi kituoni na kulowa kwa namna nyingine. Kuendelea kuendesha kila siku, mvua ije isije, kunakupa muda, na kunakubakiza na hatari ya barabara ambayo hakuna seti inayoipunguza.

Katikati kuna njia ambazo sioni kama mmezigusa. Moja ni kukubaliana sheria ya nyumbani: jioni mnaangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ikiwa wametoa tahadhari ya mvua kubwa kwa Dar es Salaam na Pwani, kesho pikipiki inalala. Udhaifu wake ni kwamba utabiri haufiki mtaani kwenu nyumba kwa nyumba. Mtakosea siku nyingine. Nyingine ni kuendesha hadi Banana tu, kuegesha mahali penye mlinzi, na kuendelea kwa daladala. Unakwepa gari la kwanza na unakwepa mwendo kasi wa barabara kubwa, ila unalipia maegesho na nauli, na utalazimika kumwamini mlinzi. Ya tatu ni kumwomba mumeo myavuke masika haya, Machi hadi Mei, ukiwa umerekebisha mshono, siti, glovu na mtandio, kisha mzungumze tena mkiwa mnajua mengi kuliko leo. Hatari ya hiyo ni kwamba yeye atakaa na hofu miezi mitatu, na madirisha yatasubiri. Muulize kama anaweza kuvumilia hilo, usimwamulie.

Uliuliza kama wewe ni king'ang'anizi. Uliinunua kwa akiba yako, imekupa saa za kulala na kuwaandaa watoto. Kushikilia kitu cha namna hiyo si ukaidi. Wala mumeo si adui wa maendeleo yako kwa kutaka usifie barabarani.

Marekebisho niliyoyataja ni ya gharama ndogo na hayakufungi kwenye uamuzi wowote, kwa hiyo unaweza kuyaanza hata kabla hamjazungumza. Mnunuzi aambiwe asubiri wiki mbili. Akikataa, aende, pikipiki ya cc 125 Dar haijawahi kukosa mteja.